Mtu wa Bibi Alijua Kusoma

Wiki iliyopita nilitoka shule ya awali ya mwanangu, hapa Kasulu, nimevimba kwa hasira mpaka nikampita mama mkwe njiani bila kumwamkia. Ngoja nikueleze, utanielewa. Shule inaandaa igizo la kufunga muhula: wanyama wa porini wanamtafuta mfalme wao. Mwanangu ana miaka mitano. Alirudi nyumbani akaniambia, "Mama, mimi ni jiwe." Nikamuuliza, jiwe linasema nini? "Halisemi. Linakaa." Kesho yake asubuhi nikaenda, mdogo wake mgongoni, nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba watoto ambao bado hawajui kusoma wamepangwa kuwa miti na mawe, kwa sababu hawataweza kusoma maneno yao. Basi nikasema. Nikasema huyu mtoto anamwigiza baba yake akiongea na simu mpaka majirani wanashika mbavu, leo hawezi kuwa fisi? Fisi gani mwenyewe aliyesoma? Na sikusema kwa sauti ndogo. Wakampa ufisi, yakaisha, sitaki kuyarudia.

Ila njiani, hasira ikiwa bado haijaisha, nilijikuta nacheka peke yangu kama mtu aliyerukwa na akili. Maana swali hilo hilo, la nani anayejua kusoma na nani asiyejua, na kama hilo linamzuia mtu kuwa mtu fulani, sisi tulishalimaliza zamani. Tulilimaliza tukiwa watoto, Kibondo, barazani kwa bibi yangu, juu ya mkeka, katikati tukiwa na sinia la mihogo ya kuchemsha.

Mwaka huo, 2013, nilikuwa darasa la sita. Nilikuwa naishi na bibi mzaa mama, katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye baraza refu mbele na vyumba viwili vya kupangisha uani. Kimoja kilikuwa ghala la mahindi na maharage. Kingine alikaa nesi. Nesi alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mcheshi, Kiswahili chake kimenyooka mpaka sisi wengine tulikuwa tunaona haya kumjibu. Alikuwa amefanya kazi Kasulu kwanza, wakati kambi ya wakimbizi ya Mtabila inafungwa, halafu akahamishiwa hospitali kwetu. Wageni wa mashirika walipokuwa wanafungasha kuondoka Mtabila waligawa vitu vyao: wengine walipata magodoro, wengine majiko ya gesi. Nesi alipata boksi la mchezo. Bibi alimwonea huruma kweli. "Mwana wanje," akamwita kwa Kiha kama mwanawe, "godoro ulilikosa vipi?"

Ndani ya boksi mlikuwa na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, na dadu za ajabu. Dadu tulizozijua sisi zilikuwa za pembe nne zenye nukta. Hizi nyingine zilikuwa na sura nane, nyingine ishirini, rangi kama peremende, na namba badala ya nukta. Nesi alikaa na kamusi jioni nyingi akikisoma kile kitabu. Alichokielewa alitufundisha, na ambacho hakukielewa alikitunga. Kwa hiyo usiniulize kanuni ipi ilikuwa ya wazungu na ipi ilikuwa ya Tanga, mimi sijui mpaka leo.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kila mmoja anajitungia mtu. Mtu wako ana jina, ana nguvu zake na udhaifu wake, na anaishi katika nchi ambayo haipo, yenye misitu, mazimwi, majoka na ngome za mawe. Nesi ndiye msimulizi. Anakwambia, "Umefika mtoni, daraja limevunjika, unafanyaje?" Wewe unasema unachofanya, unatupa dadu, na dadu inaamua kama umevuka au umebebwa na maji. Hakuna ubao, hakuna kete za kusogeza. Mchezo mzima ulikuwa mdomoni.

Tulikuwa watatu. Mimi, binti wa dukani, na mtoto wa katekista. Binti wa dukani baba yake alikuwa na duka la vitenge na sukari pale mjini, mtu wa kanzu safi, ndugu zake wako Ujiji. Huyu binti alikuwa na ulimi kama wembe. Mtoto wa katekista alikuwa mkorofi mzuri, wa kupiga kwanza na kuuliza baadaye, na hata katika ile nchi isiyokuwepo alibaki hivyo hivyo. Tulicheza Jumamosi mchana, siku ambazo nesi hakuwa zamu. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshachota maji, nimemenya mihogo na kuiloweka, nimefagia uwanja mpaka vumbi jekundu limelala. Bibi alikuwa anakaa pembeni kwenye kigoda chake, ungo mapajani, akichambua maharage. Mvua ikinyesha tulikuwa tunapiga kelele kushindana na bati. Na tukiogopa sana tulihamia Kiha bila kujua, nesi anashika kichwa: "Kiswahili, jamani! Joka langu halijui Kiha!"

Nesi alitukaangia vitumbua, bibi alitoa chai ya tangawizi yenye kuunguza mpaka masikio. Ile harufu ya iliki, na moshi wa kuni, na udongo uliolowa, nikikutana nayo hata leo napunguza mwendo.

Lakini kuna jambo moja ilibidi ulijue kama unataka kucheza barazani kwa bibi. Baraza lilikuwa lake, na michezo ilikuwa inakaa pale kwa ruhusa yake. Mwaka wa nyuma tulikuwa tunacheza karata za mjomba. Siku moja mtoto wa katekista alimcheka mwenzetu mmoja kwa kigugumizi chake, sisi wengine tukaangua kicheko. Bibi hakugomba. Aliweka ungo chini, akakusanya maharage yake taratibu, akakusanya na karata zetu, akaenda jikoni akazitia kwenye mafiga. "Mchezo wa kumcheka mtu haukai hapa kwangu," alisema, na yule mwenzetu hakurudi tena. Kwa hiyo nilipokuwa natupa zile dadu nzuri jicho langu moja lilikuwa kwenye ungo. Ukiona bibi anakusanya maharage kabla hayajaisha, ujue mchezo umekwisha. Na huu mchezo niliupenda kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa mwaka ule wote.

Sasa, kusoma. Siku ya kutunga watu wetu nesi alituambia kwamba katika nchi ile kusoma ni kipaji kama kipaji kingine. Watu wengi hawajui. Ukitaka mtu wako ajue kusoma, lazima uache kitu: upanga, au mbio, au nguvu za kubeba. Sisi tulikuwa watoto wa shule. Kusoma tulikuwa nako, kila siku asubuhi, na fimbo juu yake. Nani aache upanga kwa ajili ya kitu anacholazimishwa bure? Wote watatu tukachukua upanga. Wote tukachukua mbio. Tukaingia katika ile nchi tukiwa mashujaa watatu hatari sana, na hakuna hata mmoja aliyejua herufi moja.

Tukafika kisimani. Tulikuwa tumetembea jangwani, watu wetu wanakufa kwa kiu, nesi amelieleza lile jua mpaka nikajikuta nalamba midomo. Pale kisimani kulikuwa na kibao. Nesi alichukua kipande cha boksi la dawa, akaandika upande mweupe kwa kalamu ya wino, akakiweka katikati ya mkeka, wazi, kila mtu akione. Kiliandikwa: MAJI HAYA YANA SUMU.

"Mnafanyaje?" akauliza.

"Mimi sinywi!" binti wa dukani akasema haraka. "Kuna sumu."

"Nani kakwambia?"

"Si imeandikwa hapo?"

"Wewe umeiona. Mtu wako ameona michoro ya wino kwenye ubao. Hajui kusoma, mama. Punde tu ulisema ulimi wake umekauka kama ngozi ya mbuzi. Sasa yuko kisimani, maji yanameremeta. Anafanyaje?"

Binti alijaribu kila njia. Alisema mtu wake amefunga. Alisema mtu wake hapendi maji, anapenda soda. Mtoto wa katekista akasema mtu wake anakipiga kibao kwa upanga mpaka kiseme. Mwisho tulikunywa. Fikiria, watoto watatu wa darasa la sita wenye akili zao, wamekodolea macho maandishi yanayosema sumu, na wanakunywa mmoja baada ya mwingine wakilalamika. Tukaanguka chini tukashikwa na matumbo kwa muda wote uliobaki wa mchezo ule, nesi akatuhudumia katika simulizi kama anavyohudumia wodini, kwa kutusema.

Hapo ndipo bibi alipocheka. Alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Yaani ada yote ile," akasema, "halafu mnakwenda safari bila mtu wa kusoma?"

"Basi ingia wewe, Bibi," nesi akamwambia. Alisema kama utani, lakini alikuwa ameshachukua karatasi na kalamu. "Tunga mtu wako. Ana nini?"

Bibi alifikiri huku vidole vinaendelea na maharage. "Ni mwanamke," akasema. "Karani."

"Karani mwanamke?" mtoto wa katekista akauliza.

"Ego," bibi akaitikia kwa Kiha. "Karani mwanamke. Anasoma."

"Atakosa upanga, Bibi."

"Upanga wa nini? Panga ninalo nyuma ya mlango."

"Na mbio utaacha?"

"Mbio nimeshakimbia za kutosha."

Bibi yangu alikuwa hajui kusoma, na hilo si siri iliyofichwa mahali. Mji mzima ulijua. Kwenye fomu za kijiji alikuwa anaweka kidole gumba, kisha anakifuta kwenye kanga kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Nilianza kuomba moyoni binti wa dukani anyamaze. Nilikuwa najisumbua.

"Lakini Bibi," akasema, "wewe si hujui kusoma? Sasa mtu wako atasomaje?"

Vidole vya bibi vilisimama. Nikatazama ungo. Nikasema basi, tumekwisha, zile dadu zenye rangi ya peremende zinakwenda kwenye mafiga.

Nesi hakuinua hata sauti. "Binti, wewe umewahi kumuua chui kwa upanga?"

"Mimi? Hapana."

"Jumamosi iliyopita mtu wako aliua wangapi?"

"Wawili," akasema, kwa maringo kidogo.

"Nilikuuliza umewezaje?"

Binti alifikiri. Alikuwa na ulimi, lakini hakuwa mjinga, na jambo likiwa na haki ndani yake alilikubali hata kama lilimuuma. "Hukuniuliza," akasema. Akasogea, akamwachia bibi nafasi kwenye mkeka. Bibi aliendelea na maharage kwa muda, kama vile hajaona, kisha akasogeza kigoda. Hakukaa kwenye mkeka siku ile, miguu ilikuwa inamsumbua, lakini alikuwa ndani.

Nesi akaweka utaratibu. Maandishi yakitokea, anapewa bibi mkononi. Mimi namnong'oneza sikioni yanavyosema, naye anayasoma kwa sauti. Mtoto wa katekista akauliza, mbona mtu wa huyu hajui kusoma, na yeye ananong'ona? Nesi akamjibu, "Akinong'ona si yeye. Akinong'ona ni miwani ya Bibi." Basi nikawa shujaa mwenye upanga, na hapo hapo nikawa miwani. Sijawahi kupata cheo kizuri kuliko kile.

Ungemwona. Alikuwa anaipokea ile karatasi kwa mikono miwili, anainyoosha mbele kwa urefu wa mkono, anarudisha kichwa nyuma, anakohoa. Alikuwa amewaona wenye vyeo maisha yake yote, mwenyekiti, katekista, bwana shamba, na wote walikuwa wanakohoa kwanza. Mimi nanong'ona, "Njia ya kushoto ina simba." Bibi anasoma: "Njia. Ya kushoto. Ina simba." Kwa sauti nzito ya serikali. Nasi tunageuka kulia. Tangu siku ile hatukunywa sumu tena.

Wiki chache hivi alisoma nilichonong'ona, neno kwa neno. Kisha siku moja tukafika kwenye lango la ngome. Ngome ile sisi wote tuliiona kama lile boma la zamani pale kilimani, na lango lake la chuma. Nesi aliandika, LANGO HILI HUFUNGULIWA NA MFALME PEKE YAKE. Nikanong'ona. Bibi akakohoa, akaitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasoma: "Lango hili hufunguliwa na mwanamke aliyelima tangu asubuhi."

Binti wa dukani akaruka. "Haikuandikwa hivyo! Imeandikwa mfalme! Mfalme peke yake, hapo, naona!"

Nesi akamgeukia taratibu. "Mtu wako amejifunza lini kusoma?"

Binti alikuwa ameinyooshea karatasi kidole. Akakirudisha.

"Katika safari hii msomaji ni mmoja," nesi akasema. "Akisoma mfalme, ni mfalme. Akisoma mwanamke aliyelima, ni huyo. Nani mwingine ana macho ya kumpinga?" Kisha akamwuliza bibi, kwa heshima kabisa, "Karani, yuko mwanamke wa namna hiyo hapa?"

"Yuko," bibi akasema. "Mgongo wote unamuuma."

Lango likafunguka. Mtoto wa katekista alishangilia mpaka mbwa wa jirani wakajibu, na binti wa dukani akacheka mwisho wa yote, kwa kujilazimisha kwanza, halafu kweli. Tangu hapo hatukujua karatasi ingesema nini, na nesi mwenyewe hakujua. Aliandika kitu cha kutisha, bibi anakisoma kinakuwa kingine. Joka lililoandikwa linakula watu, bibi alilisoma linakula mihogo mibichi na tumbo linaliuma, linahitaji dawa. Tulikwenda kulitibu. Nami kunong'ona nikaendelea, ingawa ilikuwa kama kumnong'oneza mtu njia anayoijua kuliko wewe.

Sasa kuna mwalimu mmoja. Alikuwa mgeni, amepangiwa sekondari ya pale mjini, kijana wa viatu vilivyong'aa hata kwenye matope yale. Alikuwa anakuja kumsalimia nesi, na sote tulijua ni salamu gani. Siku hiyo alikuja na soda mbili, akatukuta tumefika mwisho wa safari ndefu: mlango wa pango, ndani yake kile tulichokuwa tunakitafuta tangu mvua za kwanza. Akaegemea nguzo, akatazama. Nesi akaandika, akampa bibi. Bibi akanyoosha mkono, akakohoa. Nikainama sikioni.

Mwalimu akaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya sana, nataka kumtendea haki. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyezoea kusahihisha. "Shikamoo Bibi, samahani, lakini karatasi umeishika kichwa chini! Hawa watoto wanakudanganya, na wewe unakubali?"

Na kweli, ilikuwa kichwa chini. Wala haikuwa mara ya kwanza. Alikuwa akiishika anavyoipokea, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona kama hilo ni jambo.

Bibi aliteremsha mkono. Akaiweka karatasi mapajani, juu ya maharage. Hakumtazama mwalimu, hakututazama na sisi. Kile kidole gumba chake kilikuwa kinajifuta kwenye kanga. Halafu akaanza kukusanya maharage. Yale mazuri upande wake, yale mabovu upande wake, taratibu, na ungo ulikuwa bado haujafika hata nusu. Nesi alikuwa amesimama, uso umemwiva. Mimi niliyekuwa miwani sikuwa na la kunong'ona. Nilijua kinachofuata. Angeingia ndani, na asingetoka tena kukaa nasi, na mchezo usio na bibi nisingeutaka hata kama dadu zingepona.

"Mwalimu," binti wa dukani akasema.

Alikuwa amekaa vilevile, miguu ameikunja, mtandio begani, hajainuka hata kumwamkia.

"Naam."

"Mtu wako nani?"

"Mtu wangu?"

"Humu ndani. Kila aliye hapa ana mtu wake. Wako nani?"

Mwalimu akatabasamu, akamtazama nesi. "Mimi sina mtu. Mimi natazama tu."

"Kama huna mtu, haupo," binti akasema. "Na kama haupo, karatasi umeionaje? Hapa tuko mlangoni kwa pango sisi wanne. Hakuna mwalimu hapa. Labda ni upepo." Akamgeukia mtoto wa katekista. "We, umesikia upepo?"

"Nimesikia," yule akasema. "Unanuka soda."

Nilimtazama bibi. Mkono ulikuwa umesimama juu ya ungo. Mabega yakaanza kutikisika, nikafikiri analia, nikataka kufa pale pale. Alikuwa anacheka. Alicheka kimya kwanza, kisha kwa sauti, mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga. Akaipindua karatasi, akaitazama upande huu, akaitazama upande ule, akairudisha vilevile ilivyokuwa, kichwa chini.

"Mwalimu, kaa," akasema. "Usisimame kama mdai kodi. Nesi, mpe mtu."

"Nimpe wa namna gani, Bibi?"

"Mpe mwenye nguvu. Mpe na upanga. Lakini asijue kusoma, masikini." Akamsogezea sinia la mihogo. "Usijali, baba. Mimi nitakusomea."

Mwalimu alikaa. Alivua vile viatu, soksi yake moja ilikuwa na tundu, akakaa kwenye mkeka pamoja na sisi huku masikio yamemwiva. Sikuhitaji kutazama ungo tena. Bibi akakohoa, akanyoosha mkono. Nikanong'ona kilichoandikwa, kwamba atakayeingia atoe damu. Bibi akasoma kwa ile sauti yake ya serikali: "Ingieni wote. Na mgeni wenu."

Mwalimu alifungua mdomo. Binti wa dukani akamtazama. Mwalimu akaufunga. Tukaingia.

Hakumwoa nesi, kama ulikuwa unasubiri hilo. Lakini alikuja karibu kila Jumamosi mpaka alipohamishwa, na mtu wake hakuwahi kujifunza kusoma. Hakutaka. Alisema ni mahali pekee wilaya nzima ambapo yeye anasomewa.

Najua wewe unataka nikuambie kwamba bibi alijifunza kusoma. Watu nikiwasimulia hufika hapo wakasubiri, kama vile hadithi haijaisha mpaka mzee ashike kalamu. Inaniudhi! Hakujifunza. Hakuomba kufundishwa, na mimi sikumlazimisha. Kidole gumba kiliendelea kwenda kwenye wino, ila nakumbuka kwamba miaka ile ya mwisho alikuwa anakitazama kwanza, kidole chake, anakohoa, ndipo anakibandika. Karani yule yule.

Mwaka 2015 watu wa Burundi walianza kuja, na kambi ya Nduta ikafunguliwa tena. Mji ukajaa magari meupe. Nesi alichukuliwa kwenda kambini, na boksi lilikwenda naye. Ninapenda kufikiri kwamba huko nako alitandika mkeka, akaweka zile dadu kati ya watoto waliotembea njia ya kweli, yenye mito ya kweli. Sijui. Hatukuwa na simu, na yeye alikuwa na kazi. Binti wa dukani aliolewa Ujiji, nasikia ana duka lake mwenyewe na bado hanyamazi. Mtoto wa katekista ni askari mgambo, na hilo halikumshangaza mtu yeyote. Bibi tulimzika nikiwa kidato cha tatu. Mjomba alilivunja baraza akajenga fremu za maduka, na pale kwenye mkeka wetu sasa mtu anauza vocha na chaja.

Vile vipande vya maboksi ya dawa vilibaki kwenye chumba cha uani kwa muda, na niliwahi kuviokota nikavisoma vyote. Havikunisaidia. Vilikuwa na maneno ya nesi, majoka na damu na wafalme. Aliyoyasoma bibi hayakuandikwa mahali popote. Mimi niliyekuwa sikioni mwake nimebaki na machache tu. Niliyokusimulia, na lile la siku moja mawingu yamejaa na kila mtu anataka kukimbilia kwao, alipochukua karatasi akasoma kwamba mvua imeambiwa isubiri watoto wafike nyumbani. Mengine sikuyashika. Wakati anayasoma nilikuwa nacheka.